Nyumba ya Uzunguni Imeuzwa, Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, ila ulinifundisha nisianze neno na mkubwa bila kumwamkia, na leo nina maneno mengi, mengine makali.

Nyumba imeuzwa. Ile nyumba ya mawe ya Uzunguni hapa Same, babu aliyoinunua kwa mzungu wa shamba la mkonge na baba akairithi, mwanao Mbonea ameiuza. Tangu tulipokuzika ilikuwa imefungwa, funguo ninazo mimi, kwa hiyo kazi ya kuwatembeza wateja ikaniangukia. Nilitembea nyuma ya dalali chumba hadi chumba nimeuma meno.

"Nyumba ya kihistoria hii," alimwambia bwana mmoja aliyetoka Dar. "Ya familia moja, haijawahi kuona mpangaji. Mtaa wenyewe unauona, kivuli cha mikrismasi mitupu. Na ina dohani!"

Dohani ya kutolea moshi wa moto wa kuota, mama, hapa Same, ambako jasho linakutoka hata ukiwa umekaa. Nilicheka. Halafu dalali akapapasa mlango wa mninga wa chumba cha kulia, pale palipobonyea usawa wa kichwa cha mtu mzima, akasema vitu vya zamani vina alama zake. Kicheko kikanikauka. Kile kichwa kilikuwa chako. Ulimjibu baba mbele ya wageni wake wa biashara ya tangawizi, akasubiri waondoke, akakushika nywele na kukubamiza pale mpaka damu ikalowesha kola ya gauni. Nilitamani kumkamata dalali kisogo nimwonyeshe alama hiyo ilivyoingia.

Nyumba nzima ni hivyo. Msumari wa kutundikia mkanda bado upo karibu na ngazi. Kigae kilichopasuka bafuni ni cha siku aliyonitupa mimi. Baba alikuwa anapiga kama mtu anayepasua kuni, bila haraka, akiwa ameshavua saa yake. Nawe kila mara ulikuja kusimama katikati, mgongo kwetu, uso kwake. "Nipige mimi," ulikuwa unasema. Hakuwahi kukataa.

Kabla ya kuuza, ukoo ulikutana kule juu kijijini. Unajua kwetu kiwanja chenye kaburi hakiuzwi, kwa hiyo baba mdogo akauliza kama ilivyo ada, "Uzunguni kuna aliyelala?" Wanaume wakatazamana, wakajibu hakuna, wetu wote tunawapandisha mlimani. Hawakusema uongo. Mtoto anayezaliwa bila kulia huzikwa na wanawake, nyuma ya jiko, na mwanamume haonyeshwi mahali. Mimi nilikuwa namimina chai. Hakuna aliyegeuka kuniuliza, na midomo yangu ulikuwa umeifunga wewe mwenyewe.

Nakumbuka yote, mama. Nilikuwa na miaka tisa, Mbonea mitatu, nawe tumbo lilikuwa limeshuka. Makande yaliungua chini kwa sababu ulikuwa umekaa kidogo kupumzisha miguu. Baba aliinua sufuria, akakumwagia mgongoni yakiwa bado yanatokota. Ulipoanguka akakupiga teke la tumbo kwa kiatu cha kazini. Akapiga tena. Nilimng'ata mguu, akanikung'uta kama mdudu, kisha akanawa mikono na kwenda kwenye lori lake. Kesho yake bibi aliteremka kutoka mlimani na vijiti vya masale, mmea wetu wa kuwekea alama kaburi, vimefungwa ndani ya khanga. Mtoto alitoka jioni, mzima wa viungo vyote, kimya. Ulivua shanga za kiunoni mwako, bibi akamfunga nazo. Tukamlaza nyuma ya jiko, masale yakachomekwa. Ukasema, "Anaitwa Nakunda. Mbonea asijue, atakua anamchukia baba yake." Basi nikamchukia mimi kwa niaba ya wote wawili.

Bwana wa Dar akalipa. Nikafikiri atapaka rangi, atakaa, na Nakunda atabaki na masale yake. Lakini juzi nilipokwenda kuchukua kinu chako nikakuta mtambo wa kuchimbia, ule wanaouita kijiko, umeingizwa uani. Bwana anataka bwawa la kuogelea. Same hii ya maji ya zamu! Masale yalikuwa yameshang'olewa, yametupwa kando, na lile jino la chuma lilikuwa limenyanyuliwa juu ya pale pale.

Nilishika mchi wa kinu. Sikumbuki kutembea. Nilipiga kioo cha kijiko kikamwagika, dereva akaruka upande wa pili akipiga yowe, nikageukia taa, nikapasua zote. Dalali alikuja na mikono juu, "Mama, tuongee, mama," nikamwambia akisogea nampasua yeye. Nilimaanisha. Kwa muda ule niliielewa mikono ya baba, ladha yake yote, na niliichukia, ila mchi sikuuweka chini.

Mbonea akafika mbio. "Dada, umerukwa na akili? Nyumba ni ya mwenyewe hii!" Akanizaba kofi. Ni mkono wa baba kabisa, mama, mpana, unaotoka chini. Nikampa mchi wa bega, akaanguka kwa magoti kwenye vifusi. Nikaunyanyua tena. Alijikinga uso kwa viwiko kama alivyokuwa akijikinga utotoni chini ya meza, na hapo nikaona nani yuko mbele yangu. Mchi ukaniponyoka.

"Umeuza ndugu yako," nikamwambia. "Amelala hapo chini. Baba alimuua tumboni kwa kiatu, nasi tulimzika hapo."

Nisamehe, nilivunja agizo lako mbele ya dalali na dereva wa kijiko. Mbonea hakunyanyuka. Alikaa ameshika bega, akauliza, "Wa kike au wa kiume?" Nikamwambia wa kike. Akauliza kama alipewa jina. Nilipolitaja alilia kwa sauti ambayo sijaisikia kwa mwanamume mzima, na bwana wa Dar, aliyekuwa amefika na hasira zake za kioo, akavua kofia akaenda kusimama barabarani.

Tulichimba kwa jembe na mikono, mimi na Mbonea kwa mkono wake mmoja mzima. Hakukuwa na mifupa, ni udongo tu uliokuwa mweusi kuliko mwenzake. Lakini shanga zilikuwapo, mama. Uzi umekwisha, zenyewe bado nyekundu. Tulizikusanya pamoja na udongo ule kwenye khanga mpya, tukapanda nazo mlimani, Mbonea amezipakata njia nzima bila kumruhusu mtu ampokee.

Nyumba waichukue. Wachimbe bwawa lao, wakoke moto chini ya dohani, sitapita tena mtaa ule. Kwako nina jambo moja tu, nalo linaniuma. Tulikuzika kando ya baba kwa sababu desturi ilitaka hivyo, na sikuwa na nguvu ya kubisha. Jana Mbonea alitaka kumchimbia Nakunda upande wa baba, pana nafasi zaidi. Nilimpokonya jembe. Tumemlaza upande wako mwingine, na masale yake tumeyapanda upya. Baba yuko kule, mtoto yuko huku.

Nisamehe, mama. Nimekuweka tena katikati.

Ulale nao,
Binti yako mkubwa