Deusi, Huko Uliko Ni Baridi Tu

Mshikaji wangu Deusi,

Katika watu wote uliowaacha hapa Laela, umenitokea mimi ndotoni. Siyo katekista, siyo kaka zako. Mimi, niliyeishia darasa la saba na kanisani naingia kwenye harusi tu. Bahati hiyo nani mwingine anayo? Natembea kifua mbele kama fahali wa Wasukuma aliyepata upenyo wa shamba la mahindi.

Ngoja nikupe habari za huku. Ulivyokufa ghafla vile, wanajumuiya walikaa kikao. Wakasema huonekani kwenye sala zao za nyumba kwa nyumba, kwa hiyo kanisa halikuziki. Padre hakuja, kengele haikulia. Tulikuzika sisi wapakia magunia, na nyimbo niliongoza mimi na sauti yangu hii mbovu. Jumamosi zao za sala ndizo siku tunazopakia malori ya Tunduma, hilo walilijua. Na wajane wao, nani alikuwa anawabebea mzigo mpaka mlangoni bure?

Mimi sikutetereka. Mungu ninayemjua ana akili kuliko kikao. Lakini mama yako aliwaamini. Akashika moyoni kwamba uko jehanamu unaungua, akazima moto wa jikoni kwake. Mwezi wa sita, Deusi, na baridi yetu hii ya Ufipa inayopasua midomo. Nilimkuta anatafuna viazi vya jana, vidole vimekufa ganzi. Akaniambia, "Mwanangu, kuni zikishika tu, namwona yeye."

Aisee.

Kesho yake nikarudi kumsimulia ndoto. Nikamwambia umenitokea mahali pa kijani, kama kule Kasense mvua zikikolea, unalalamika baridi. Hukusema kiu, hukusema moto. Uliomba sweta. "Mama," nikamwambia, "anayeungua haombi sweta."

Alivuta kanga mabegani, akanikazia macho. Halafu akauliza, "Lile la bluu?"

Nikasema hilo hilo.

Akacheka huku machozi yanamtoka, eti tangu utoto ulikuwa mwoga wa baridi, ukiogeshwa unapiga kelele kijiji kizima kinajua. Jioni ile moshi ukatoka jikoni. Nilikula ugali wa ulezi pale mpaka nikalegeza mkanda, na yeye alikula.

Kuni zake nitapasua mimi, hilo usiwe na wasiwasi. Na Jumamosi nampeleka jumuiya mwenyewe, nakaa naye mkeka mmoja. Akikuombea, nami naitikia kwa nguvu, wakereke wanaokereka. Kama uko toharani, tutakusukuma kama lori lililozama kwenye matope, mpaka utoke.

Lala salama, ndugu yangu. Mama hajambo.

Ila sijakuota, Deusi. Hata mara moja. Ile ndoto niliitunga njiani nikienda kwake.