Mashine Iliyosema Haina Shofere

Tata, baba yangu mpendwa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu yaliyotokea nyumbani kwako mwaka huu si ya nyumba yako peke yake. Wapo wajane wa Kolwezi watakaoyatambua kabla sijafika mbali, na wapo mashemeji ambao ningependa wasome hadi nukta ya mwisho. Tena wewe ndiye uliyenikataza kunong'ona. "Kapinga," ulikuwa ukiniambia, "kama uko na neno, useme na nguvu, batu basikie." Basi nasema na nguvu.

Unaikumbuka siku uliyoileta ile kompyuta? Ulikuwa umepeleka shaba Kasumbalesa, ukarudi na lori tupu, tela likigongagonga nyuma kiasi kwamba mtaa mzima wa Manika ulijua umefika. Kwenye kiti cha abiria ulikuwa umeifunga mkanda, imeviringishwa bulangeti la Mama. Mama alisimama mlangoni akaitazama mashine, kisha akakutazama wewe.

"Mu kiti ya mbele," alisema. "Na mi bibi yako, unanipandishaka nyuma na mifuko."

"Weye hauvunjikake, mama Kapinga."

Majirani walicheka, Mama akakataa kucheka, na bulangeti lake alilichukua palepale, mbele ya watu wote.

Jumapili baada ya misa mliketi mbele ya mashine ile, wewe uliyejua kidogo na yeye asiyejua kitu, mkizitafuta herufi kwa kidole kimoja. Mliposhindana juu ya herufi iliyojificha, Mama ndiye aliyeipata kwanza, nawe ukasingizia macho yako ya barabarani. Baadaye ikaja printa nzee, iliyotupwa na ofisi moja iliyokuwa ikihama, na kibanda kikasimama kando ya barabara ya chuo. Humo Mama amechapa kazi za wanafunzi, mialiko ya harusi, barua za vijana wanaoomba kazi mgodini. Na ratiba ya mazishi yako, Tata, aliichapa yeye. Jirani mmoja alitaka kumpokea kazi ile, Mama akamwambia jina lako anajua kuliandika.

Mazishi yalipokwisha, ukoo uliketi. Mdogo wako alikuwa amepanda gari moshi kutoka Mutshatsha pamoja na magunia yake ya makala, yale makaa anayouza, na yeye ndiye aliyesimama kuzungumza juu ya vitu vyako. Hakuwa mkali. Alizungumza kwa upole, kama watu wanavyozungumza wanapochukua kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwaambia si chao.

"Mashini ni ya ndugu yangu," alisema. "Mama ataitumia, hakuna mubaya. Siku itakufa, ninaibeba."

Nilisimama. Mimi mwanafunzi wa sheria, mimi ambaye pale chuoni wananiita mkutano ukipoa, nilikuwa na vifungu mdomoni na moto kifuani. Mama alinivuta kikwembe nilichojifunga.

"Ikala, Kapinga. Tuko ku kilio, hatuko ku fakilte."

Nikaketi. Lakini kuketi si kunyamaza. Ni kungoja zamu.

Zamu ilikuja kiangazi hiki. Flashi za wanafunzi, ambazo hupita mikono mingi kuliko noti, zilikuwa zimeijaza mashine virusi. Kwanza ikawa nzito, kisha ikakataa kabisa kuwaka hadi mwisho, na siku hiyohiyo habari ikawa imeshafika Mutshatsha. Simu ililia.

"Nilisikia ilikufa," alisema Tata Mudogo, huyo mdogo wako. "Siku ya posho ninakuya. Kwiko muntu wa Fungurume atakamata bipande."

Siku ya posho, yaani Jumamosi, angefika na mnunuzi wa bipande, vipuri vya mashine. Hadi Jumamosi ama mashine iwe inachapa, ama Mama abaki na kibanda chenye meza tupu. Naye kazi nyingine hana, wala haitaki.

Nilichukua ile diski uliyonunua mpakani pamoja na kompyuta. Nilitoa kwanza faili za Mama, nikafuta kila kitu, nikapanda mfumo upya tangu mwanzo. Mashine ikawaka. Mama akapiga ishara ya msalaba, akavuta kiti. Ndipo tukaona kilichorudi ni nusu ya mashine: herufi zimevimba kama za kitabu cha watoto, sauti hakuna, mtandao hakuna, na printa imekaa kimya pembeni kana kwamba haijawahi kuufahamu ukoo wetu. Katikati ya kioo palitokea maneno ya Kiingereza, maana diski yenyewe ni ya Zambia. Mama aliyasogelea. Kiingereza chake ni kile ulichokuwa ukimletea kutoka mpakani, neno hapa, neno pale.

"Kapinga. Hapa banaandika driver. Driver njo shofere, hapana? Njo vile Bazambia balikuwa banamuita tata yako."

"Njo vile, mama."

"Na banasema nini juu yake?"

"Banasema haonekane."

Mama hakupepesa macho. "Ata mashini inajua?" aliuliza, akainuka, akatoka nje.

Nilimkuta ameegemea ukuta wa kibanda, mikono imefungwa kifuani, akitazama malori yanavyopita kuelekea Fungurume. Nilimweleza, kwa sauti ndogo ambayo wenzangu wa chuo hawaijui, kwamba neno lile halikuwa lako. Kwamba kila kipande mule ndani, cha sauti, cha picha, cha mtandao, kina programu yake ndogo inayokiendesha, na Waingereza wameipa jina la dereva. Sisi tunaosoma kwa Kifaransa tunaiita pilote. Kwamba nilipofuta mfumo niliwafuta wote, na sasa inabidi kuwatafuta mmoja mmoja. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi utafute bale bashofere," alisema. "Ule moya tu usimutafute. Mi najua eko wapi."

Akarudi ndani kabla yangu.

Tukaanza kazi, Tata, na tangu hapo nyumbani kwetu hakuna aliyewaita jina jingine: bashofere. Wa mtandao ndiye aliyekuwa na kiburi kuliko wote. Ili umpate unahitaji mtandao, na ili upate mtandao unamhitaji yeye. Wengi hukata tamaa kwenye mlango huo. Mimi niliiunganisha simu yangu kwa waya, mashine ikanywa mtandao wa simu, na shofere wa kwanza akapanda. Wa picha akafuata, herufi zikapungua zikawa za watu wazima. Kila kipande kisichojulikana kina namba yake ndefu iliyofichwa katika orodha ya vifaa. Niliinakili, nikaiuliza mtandaoni, nikapita katikati ya vitufe vya uongo vinavyoahidi dawa na kukupa ugonjwa uleule. Wa sauti alipoingia, mashine ilipiga kengele yake ndogo, na Mama, aliyekuwa akimenya mihogo, akaiitikia: "Ee, tuko."

Lakini printa ilikataa.

Niliutafuta ukurasa wa walioiunda. Walikuwa wameandika, kwa adabu ya watu walioshiba, kwamba bidhaa hii haihudumiwi tena. Niliusoma mstari ule mara ya pili, na yule Kapinga wa mikutano akaamka ndani yangu. Haihudumiwi na nani? Nyaya zilizomo ndani yake ni shaba, na shaba tunaifahamu inakolala. Vijana wa rika langu wanashuka mashimoni hadi leo, wametoka Kasai, wametoka Kivu, ili simu na mashine za dunia ziwe na roho. Mgodi wa Mashamba umekuwa shimo ambalo jicho halifiki chini yake. Madini yetu huondoka yakiwa mapya na hurudi kwetu yakiwa mitumba, na siku mtumba wenyewe unapokuwa umezoea mikono yetu, mtu aliye mbali anatangaza kwamba umekufa. Nani alimpa mamlaka ya kusoma hukumu hiyo? Printa ilikuwa na wino. Gurudumu lake lilizunguka. Mwenye kuihitaji alikuwa ameketi kando yake. Huo si mwili wa maiti.

Nikashuka chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo makampuni huweka vitu ambavyo hayataki uvione. Shofere wake alikuwapo. Ila aliandikiwa mfumo mdogo. Na diski yako, Tata, ilikuwa na mifumo miwili, mkubwa na mdogo, nami nilikuwa nimepanda mkubwa kwa sababu uliitwa mkubwa. Unanifahamu binti yako. Mashine ya umri ule ilikuwa imetosheka na mdogo maisha yake yote.

"Sasa?" Mama aliuliza.

"Sasa tunafuta tena. Tunaanza ku mwanzo."

"Tena?" Alinitazama. "Banakufundisha nini kule?"

"Sheria, mama."

"Inaonekana."

Tukafuta tena, siku hiyo ya Ijumaa, na kurani, yaani umeme, ikawa na huruma, haikukatika. Mfumo ukifika karibu na mwisho huuliza swali moja: anayeitumia kompyuta hii anaitwa nani? Mara ya kwanza nilikuwa nimeandika jina lako bila kumuuliza mtu, kwa kuwa ndilo jina lililotupokea kila tulipoiwasha, ukiwa hai na usipokuwapo. Vidole vyangu vikaanza kuliandika tena. Mama akaweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Ngoja," alisema.

Nilingoja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mtu akifikiri kwa mwili mzima. Kisha akavuta kibao cha herufi upande wake na kuandika mwenyewe, kwa vidole viwili, bila kutafuta: Ngalula. Jina lake la nyumbani kwao, alilokuwa nalo kabla ya kuwa mama Kapinga, kabla ya kuwa mke wa shofere, kabla ya kuwa mjane wa ukoo wowote. Naapa, Tata, nilikuwa na hotuba na sikuisema.

Printa ilipiga karatasi ya kwanza muda mfupi baadaye, na Mama akaishika hewani kukagua kama herufi zimenyooka.

Jumamosi Tata Mudogo alifika na gunia la makala begani, zawadi ya nyumba, maana si mtu mbaya, na nyuma yake yule wa Fungurume na boksi tupu. Wakakuta mulongo, foleni ya wanafunzi, umetoka hadi barabarani. Akapenya hadi mezani.

"Balisema ilikufa," alisema.

"Balidanganya," Mama alijibu bila kuinua kichwa.

Tata Mudogo akainama kutazama kioo, akasoma, akasoma tena. "Jina ya ndugu yangu iko wapi?"

"Iko ku musalaba, shemeji. Mi njo niliandikisha." Mama akageuza karatasi kwenye printa. "Hapa ni fasi ya kazi."

Hakuna aliyecheka. Yule wa Fungurume alilikunja boksi lake taratibu, akasema anaona hapa hakuna bipande, akaondoka. Tata Mudogo alibaki amesimama na gunia lake. Kisha, kwa sauti ya chini, aliuliza kama mashine hiyo inaweza kumchapia tangazo la kubandika sokoni, la makala yake, lenye namba yake ya simu.

"Inaweza," alisema Mama. "Lakini ufuate mulongo. Ule mutoto wa mwisho njo uko nyuma yake."

Akafuata mulongo. Na kwa kuwa mulongo ulikuwa mrefu, Tata, na yeye hakuwa na pa kukimbilia, nilisimama kando yake na kumweleza sheria ya familia ya nchi hii, kifungu baada ya kifungu, haki ya mjane na haki ya watoto, kwa heshima zote anazostahili baba mdogo, na kwa nguvu, batu basikie. Wanafunzi wawili walitoa kalamu wakaandika. Alipofikiwa na zamu yake, hakuuliza tena habari ya mashine. Aliuliza kama yule dada yake wa Mutshatsha, aliyefiwa na mume mwaka jana, naye anahusika na hayo niliyoyasema. Nikamwambia anahusika. Akasema nimwandikie vifungu hivyo.

Jina lako halitupokei tena asubuhi, na sikufichi kwamba asubuhi ya kwanza nilipepesa macho. Sasa ninaposoma lile lililopo naona ulilolianza Jumapili zile baada ya misa limefika mahali pake. Pumzika huko uliko, Tata, bila kutuwazia. Mama anakusalimu, anasema bulangeti bado analo, na kiti cha mbele sasa ni chake.

Binti yako mwenye sauti,
Kapinga