Mke Mwenza wa Ukutani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba usinicheke, kwa sababu jambo hili nikilisema kwa kifupi litaonekana la kipuuzi: mke wangu ana mke mwenza, huyo mke mwenza ni picha, na picha hiyo niliitengeneza mimi kwa mkono wangu huu ninaoandikia.

Mimi ni mpiga picha, studio yetu ni vyumba viwili ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu, napiga picha za pasipoti, za mahafali, za familia na za watoto wachanga, na mke wangu anakaa mapokezi, anawanyoosha wateja kola, anawapaka poda wale wanaong'aa paji la uso, tena yeye ndiye anayewachekesha mpaka mabega yao yanashuka, maana mimi ukiniambia nimchekeshe mtu naweza kumliza. Mteja akishatoka nakaa kwenye kompyuta naanza kurekebisha, chunusi natoa, baka natoa, kidevu cha pili napunguza, macho nayafungua kidogo, na sifanyi kwa ubaya mshauri, watu wenyewe ndivyo wanavyotaka, usipowafanyia wanairudisha picha wanasema huyu siye mimi. Huu ni mwaka wa kumi na mbili, mkono umezoea mpaka hauniulizi tena, hata nikiwa kwenye foleni ya mkate najikuta namrekebisha muuza mkate kwa macho tu, doa natoa, nyusi nasawazisha, mpaka siku moja akaniuliza, "Kaka, unataka mkate au unataka posa?"

Sasa mwaka jana tulitimiza miaka kumi ya ndoa, nikamwambia mke wangu leo nakupiga wewe, nikamkalisha dirishani asubuhi, ule wakati mwanga unapita kwenye pazia jeupe na kila kitu chumbani kinaonekana kama bado kimelala, amevaa gauni la bluu, nywele bado zina maji, na nilimwona mzuri mpaka nikasahau kubonyeza. Mchana nikakaa na ile picha ili nirekebishe mwanga peke yake, naapa ni mwanga tu, lakini feni ilikuwa inazunguka polepole, wateja hakuna, macho mazito, nikawa siko macho wala sijalala, na mkono ukaenda. Nilipojitambua pua ilikuwa imekuwa nyembamba, mianzi imepungua, shingo imenyooka, ile mistari miwili ya pembeni mwa mdomo haipo, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema hii kazi nzuri. Nikaichapa kubwa, nikaitia fremu, nikaitundika mapokezi iwe zawadi yake. Aliiangalia muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe." Neno hilo moja tu, na mimi nikadhani ni furaha.

Haikupita muda akaja mama mmoja na binti yake aliyemaliza chuo, mke wangu amesimama chini ya ile picha, chini kabisa mshauri, kichwa chake kinagusa fremu, na yule mama akamuuliza, "Dada, huyu mrembo ni nani?" Mke wangu akajibu bila kusita, "Mdogo wangu." Mama akasema, "Ahaa, ndiyo maana, mnafanana kidogo." Mimi nilikuwa chumba cha pili na yule binti, nimeshika taa, mlango uko wazi, nimesikia kila neno, na badala ya kutoka na kusema huyo ni mke wangu, nikamwambia binti ainue kidevu.

Tangu siku hiyo ndipo utani ulipoanza. Asubuhi akipangusa fremu anasema, "Umeamkaje, mke mwenzangu?" Akileta chai ananiambia, "Mpe na mwenzangu, asije akasema nina wivu." Mimi nacheka, nasema mke wangu hana baya, mcheshi tangu zamani, wala sikuona kwamba yeye mwenyewe ameacha kucheka, au akicheka anaziba pua kwa kiganja kama mtu aliyepita penye moshi.

Wiki tatu zilizopita akaniambia, huku anakunja nguo, kwamba ameshamwona daktari wa upasuaji wa urembo, akiba ni yake, siku ameshapangiwa, ni Jumatatu hii inayokuja. Alikuwa ameipiga ile picha ya ukutani kwa simu yake, akamwonyesha daktari akasema, "Nifanye hivi," daktari akampima akasema inawezekana. Nikamuuliza kwa nini, akanishangaa kweli, hakukasirika, akasema, "Si wewe uliyenionyesha? Mwaka mzima naangalia unachokitaka. Basi nakupa." Alisema kwa upole, utadhani anazungumzia kubadilisha pazia. Mama mkwe akapiga simu, sauti ikasikika mpaka kwangu, "Mwanangu, pua hiyo ni yangu, nami niliipata kwa mama yangu, sasa sote tumekukosea nini?" Akamjibu, "Hamjanikosea mama, wala usilie." Kisha akakata, akaendelea kukunja nguo.

Mshauri, sasa nikisinzia mchana nyuma ya lile pazia la kupigia picha naota ndoto moja tu. Naingia nyumbani, yule wa ukutani ameshuka, amevaa gauni la bluu, ananipakulia chakula, kila kitu anakijua, hata sukari yangu vijiko viwili anajua, nyumba ina mwanga uleule wa asubuhi na hakuna sauti ya kitu chochote, na ninapomuuliza mke wangu yuko wapi ananionyesha ukutani, naangalia, naona fremu ina dirisha na kiti kitupu. Natafuta yule wangu vyumba vyote. Nasikia kicheko chake nyuma ya kila mlango, nikifungua, hayupo. Naamka mashavu yamelowa.

Siku ya kwanza kuota hivyo nilikimbilia kompyuta nitafute picha ya asili ya siku ile, sikuipata, nilikuwa nimehifadhi iliyorekebishwa juu yake. Nikatafuta za harusi, za safari, za sikukuu, zote, mshauri, zote nimezigusa, kila mwaka kidogo, hapa doa, pale mkunjo. Miaka yote nimekaa na huyu mwanamke na sina picha yake hata moja. Nikakaa chini sakafuni.

Halafu nikakumbuka sanduku la zamani, na humo nikakuta bahasha. Siku tuliyoonana mara ya kwanza alikuja kupiga picha ya pasipoti, nikamwambia haturuhusiwi kucheka, na hilo ndilo kosa, maana aliangua kicheko hapohapo, nikaharibu picha nne, moja macho yamefumba, moja pua imetanuka hadi mashavuni, moja mkono uko mdomoni, na moja inaonyesha utosi tu kwa sababu alikuwa ameinama anashika mbavu. Ya tano ndiyo aliyoondoka nayo. Zilizoharibika hakuna anayezirekebisha, lakini nilizichapa kwa kisingizio cha kujaribu wino, na nikisema sijui kwa nini nitakuwa mwongo. Nilikuwa nimeshampenda.

Bahasha hiyo iko mfuko wa kushoto wa shati langu wiki ya pili sasa, nikibadilisha shati naihamisha. Kila asubuhi nasema leo namtolea, halafu ulimi unakuwa mzito, naogopa nikimwambia usiende ataona namkataza, na nikinyamaza ni kama kisu nimekishika mimi. Yeye safu yako ya gazetini hakosi, kila Jumamosi ananisomea kwa sauti nikiwa nakunywa chai, tena anakuiga unavyogomba, ndipo nikaona bora nikuandikie. Jumatatu inakuja. Nifanyeje? Naomba usitaje jina langu.

Mpiga picha wa juu ya duka la viatu

* * *

Mpiga picha, pole. Pole nimeshatoa, sasa kaa vizuri nikuseme. Barua zilizokutangulia nimeziomba zisubiri, ili hii itoke Jumamosi hii.

Unaniomba nisitaje jina lako, na hapohapo umetaja duka la viatu, ghorofa, gauni la bluu na vijiko viwili vya sukari. Jina la nini tena? Mkeo amekujua tangu mstari wa kwanza, na ndivyo ulivyotaka. Barua hii hukuniandikia mimi, bwana. Umemwandikia mkeo, ukaona yeye mwenyewe ajisomee kwa mdomo wake, wewe ukinywa chai! Mimi si mshenga wako. Mshenga ulimtuma ulipokuwa unaoa, na kazi yake iliisha siku ile. Miaka kumi na moja ya ndoa na domo bado zege, jamani.

Unajilaumu kwa kazi ya mkono. Mkono nimeusamehe, ulikuwa na usingizi. Nisichokusamehe upesi ni ile siku mama wa watu alipouliza huyu mrembo ni nani. Maneno mawili yalitosha: mke wangu. Mkeo alisema "mdogo wangu" kwa sauti, mlango uko wazi, akijua uko ndani. Alikuwa anakungoja, ndugu yangu. Alikupa nafasi ya kumbishia, na wewe ukaomba kidevu kiinuliwe. Hapo ndipo safari ya kwa daktari ilipoanzia, na kila asubuhi alipomsalimia mke mwenzake alikuwa anakuuliza swali lilelile, nawe ukacheka.

Najua wasomaji wangu wengine wananisubiri nikilaani kisu. Silaani. Nina msomaji wangu aliyeungua na jiko usoni, akapasuliwa, sasa anatembea juani bila mtandio wa kujifichia, na nilifurahi naye. Nina mwingine ambaye hakuungua wala hakuumia, alitaka tu, akafanya, anaendelea na maisha yake, na halinihusu. Wanaohubiri uzuri wa asili kwa kelele mara nyingi ni wale waliogawiwa wa kutosha. Na kwa kuwa nyani haoni kundule, nami niseme langu: hiyo picha yangu iliyo juu ya safu hii ina shingo ambayo sijawahi kuwa nayo. Mwenzako mmoja wa kazi alinipa, nikasema asante.

Lakini mkeo hajalalamikia pua yake hata mara moja katika barua yote hii. Nimesoma mara tatu nikitafuta. Anakwenda kutekeleza agizo ambalo wewe unasema hukulitoa, na huyo daktari, kwa nia njema kabisa, ataikata pua ya watu akifuata usingizi wako wa mchana. Hilo siwezi kulinyamazia, na wewe huna ruhusa ya kulinyamazia.

Kwa hiyo usimwambie "u mzuri jinsi ulivyo." Maneno hayo yamechakaa, yanaandikwa mpaka kwenye vikombe. Mwambie ulichoniambia mimi: kwamba asubuhi ile dirishani ulisahau kubonyeza. Mwambie mkono ulikwenda peke yake, kisha ukaona haya kukiri. Mwambie ulisikia alichosema yule mama ukaogopa. Mwambie na ndoto. Halafu funga mdomo, kazi unayoiweza sana, umwache akasirike mpaka amalize, usimkatize, usijitetee, usimletee habari za wateja wanavyotaka. Ile picha kubwa usiishushe kwa siri kama mwizi. Yeye ndiye aseme ishuke au ibaki.

Jumatatu nayo inaweza kusogezwa. Daktari mzuri hakasiriki mtu akimwambia anataka kufikiri zaidi, na pua haina haraka, imekaa hapo miaka yote. Akishakusikia, akafikiri, na bado akataka kwenda, uso ni wake. Wewe utambebea mkoba, utakaa kwenye benchi, na akitoka utamtambua. Umenielewa? Utamtambua.

Na sasa dada, wewe unayesoma haya kwa sauti yangu ya kugomba, nimeambiwa unaiweza sana. Pole, mwanangu. Ulisema "kumbe" na hakuna aliyekuuliza kumbe nini. Ulistahili kuulizwa. Mfuko wa kushoto wa shati lake una bahasha, usimpokonye hata kama unatamani. Mwache aitoe mwenyewe. Na ukitaka kucheka, cheka, kiganja kikae chini.

Bwana, weka kikombe. Dada, kunja gazeti. Zamu ya kusema sasa ni ya mumeo.