Kibwagizo Kisichoitikiwa

Baba Odeta, mwalimu wangu,

Tulikuzika Jumamosi, nami nimesharudi Buffalo, kwenye kazi yangu ya ghalani kule Cheektowaga. Umezikwa vizuri. Watu walijaa kanisani pale mtaani kwenu Iroquois, Kentucky, wengine walitoka mpaka mji wa Columbus na masufuria yao ya wali. Mchungaji akanipa nafasi nisome shairi lako, lile ulilomtungia Odeta alipozaliwa kambini, tulipokuwa wakimbizi. Kule Kigoma ulitufundisha, baada ya ibada, kwamba msomaji akifika mwisho wa ubeti ananyamaza, na watu wote wanaitikia kibwagizo. "Shairi lisiloitikiwa," ulikuwa ukisema, "ni hodi kwenye nyumba iliyohamwa."

Basi nikasoma ubeti wa kwanza, nikafika pale, "Odeta umenijia, kambi imekuwa nyumba," nikanyamaza, nikangoja. Mama mmoja akakohoa. Kisha vijana wakapiga makofi, wakidhani nimemaliza, maana ndivyo wanavyofanya shuleni kwao. Makofi, Baba Odeta, mbele ya jeneza lako. Nikakaa. Beti zako nyingine sikuzisoma.

Nilimpigia Zabroni, Australia, kumweleza. Yeye ndiye mwanafunzi uliyemtegemea, sote tulijua, na wivu tulimwonea. Anasema kule ushairi una heshima zake, una matamasha na tuzo, ila wanaousoma ni wale wale wanaouandika. Maktaba moja ilimwalika asome ya Kiswahili. Watu walilia. Halafu wakamuuliza habari za kambi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza shairi lilisema nini. Siku hizi anatunga kwa Kiingereza, mafupi, bila vina. "Angalau nikikosea yupo wa kunikosoa," akasema. Nilikata simu nikalia kuliko nilivyolia kaburini, maana nimebaki peke yangu, nami sikuwa hodari hata siku moja.

Sasa Odeta. Juzi amenipigia. Unamjua, Kiswahili chake ni cha kuombea chakula. "Anti, Papa alisema nini juu yangu?" Akajaribu kuendelea, akashindwa, akamalizia kwa Kiingereza. Anataka nimtafsirie shairi lake. Nimejaribu. Mizani yako, niliyokuwa nikiihesabu kwa vidole mpaka unanicheka, kwa Kiingereza inatoka kama maelezo kwenye chupa ya dawa. Nimefuta, nimeanza upya, nimefuta tena. Najua ungenikataza. Ungesema heri lisisomwe kabisa kuliko lisomwe likiwa uchi. Lakini mtoto ni wako, ameomba kumjua baba yake, na mimi sina moyo wa kumnyima.

Lala salama, mwalimu. Udongo wa Kentucky usikuelemee. Nakuahidi nitaimaliza tafsiri hiyo na nitampelekea. Atasoma maneno yako yote, na hatakusikia.

Mwanafunzi wako,
Konsolata