Khanga Mapajani

Jumanne

Nimefua tena nguo za Baba Zuhura peke yake, kwenye ndoo yake, na mikono inaniwasha mpaka sasa. Vumbi lile halisikii sabuni.

Kutwa anapiga msasa boneti za nyuzi za kaboni pale gereji Msimbazi, zile nyeusi nyepesi wanazofunga wenye magari ya mbio. Leo karudi anajisifu kuwa ya leo inang'aa mpaka unajiona sura. Nikamuuliza, barakoa niliyokununulia iko wapi?

"Mama Zuhura, ile inanibana pumzi."

Inambana pumzi! Na vumbi linafanya nini, linampepea?

Kikohozi kina miezi sasa. Hospitali hataki kuisikia. Anasema gereji nzima wanakohoa, kana kwamba hiyo ndiyo dawa. Naogopa. Nikimwambia naogopa, anawasha redio.

Zuhura ana miaka minne. Baba yake akifika alikuwa anamrukia pale pale mlangoni, halafu usiku kucha anajikuna shingo na mikono, nampaka mafuta ya nazi huku analia. Nikasema baba mtu awe anaoga kwanza. Anaoga, lakini vumbi halimtoki lote.

Leo mtoto hakumrukia. Alivuta khanga yangu kwenye kamba, akamtandikia baba yake mapajani, akainyoosha vizuri, ndipo akapanda kukaa. Baba yake akaanza kucheka, kikohozi kikamkatiza.

Redio hakuiwasha.

Hakuna aliyemfundisha.