Mkono Ulioteleza Haukuwa wa Fundi

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Mei, 1998

Mpendwa Dada Mgeni,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, wewe, Bwana Mfaume na watoto. Kifua cha mumeo kimetulia? Huku mvua hizi za Elinino zimetuchosha, kuta zimeota ukungu, lakini tunapumua. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua akishuka ngazi.

Dada, nina habari inayonitia haya hata kuiandika. Nimeanza mara nyingi nikachana karatasi. Inamhusu shemeji yetu Abdulmajid, mdogo wake mumeo, uliyenikabidhi alipokuja mjini kutafuta riziki ya ufundi.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwa majivuno kwamba nimenunua kajipu kadogo, mtumba wa Dubai. Siku hizi kila mwenye duka anataka gari, nami sikutaka kubaki nyuma. Kwa nje linang'aa. Kwa ndani, dada, ni kidonda. Mara rejeta inavuja, mara bushi za mbele zimekwisha, mara klachi inateleza. Nilikuwa nauza vitenge ili nilishe gari. Abdulmajid ndiye aliyekuwa akinitengenezea pale gereji ya Msimbazi, na ufundi hakunidai, alitaka spea tu.

Mwezi uliopita lilianza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili. Akafungua injini, akabadilisha ringi za pistoni, likatulia kabisa. Wiki ile ile mimi na mke wangu Swaumu tulikwenda Magomeni kwenye msiba. Wakati wa kurudi tukakuta maji yamefunika barabara pale Jangwani. Magari madogo yalikuwa yanageuza. Swaumu akasema, "Baba, tugeuze na sisi." Nikamwambia hili ni jipu, si teksi. Katikati ya maji likazimika. Vijana walitusukuma huku wakicheka.

Kesho yake nilikausha plagi, likawaka, lakini injini ikawa inagonga kama mtu anayetwanga. Nikalipeleka kwa Abdulmajid. Akasikiliza, akaniuliza, "Shemeji, hukupita kwenye maji?"

Nikamwambia hapana. Dada, sijui kwa nini. Nadhani ni kile kicheko cha wale vijana.

Alipofungua akakuta injini imevuta maji, chuma kinachoshika pistoni kimepinda na kutoboa bloku, mwili wenyewe wa injini. Akaniambia mbele ya mafundi wenzake kwamba hapo hakuna la kutengeneza, inatakiwa injini nyingine, na bei yake ni karibu nusu ya bei ya gari. Nilihisi watu wote wananitazama. Nikapayuka, "Injini yangu ilikuwa nzima! Umechomoa vyuma vyangu ukauza. Mwizi wewe!"

Wewe umeishi Kariakoo, dada. Unajua neno lile likitamkwa kwa sauti mtaani linaita nini. Kabla sijafunga mdomo watu walikuwa wamekwisha jaa. Mmoja akampiga kofi, mwingine akarusha jiwe likampasua juu ya jicho. Yeye hakukimbia. Alikuwa ananitazama mimi tu, akisema, "Shemeji, waambie. Shemeji!" Nami nilisimama kama gogo.

Swaumu alikuwa anatoka sokoni. Alikuwa amesikia nilivyomwita mwizi; alitupa kikapu, akapenya, akamkumbatia Abdulmajid akamfunika kwa khanga yake. Akapiga kelele, "Mwacheni! Mwongo ni mume wangu. Tulipita kwenye maji Jangwani, nilikuwemo garini!" Kisha akanigeukia. "Ramadhan, sema!"

Nikasema, "Ni kweli." Sauti ilitoka ndogo mno, ikabidi niirudie.

Watu walitawanyika wakiguna. Mmoja alinitemea mate miguuni, nami sikumlaumu. Tulimpeleka Abdulmajid zahanati, akashonwa. Jicho ni zima, Alhamdulillahi.

Gari nimemuuzia Kishor, yule mwenye duka la vipuri, analivunja achukue milango na viti. Sikulilia. Baadaye nilirudi gereji, nikasimama mahali pale pale, nikawaambia mafundi wote kwamba nilidanganya na nimemsingizia mtu safi. Abdulmajid alikuwa anafungua tairi. Akasema, "Nimekusikia, shemeji," akaendelea na kazi. Mama Sofia anayeuza chai pale ndiye aliyeniuliza, "Na wale waliokuwa wanapita tu siku ile, wakaenda zao wakijua huyu ni mwizi, utawapata wapi uwaambie?" Wateja wawili wa Abdulmajid walikwisha hamisha magari yao.

Sasa Abdulmajid anapanda treni kuja huko kupumzika. Ndiyo sababu naandika haraka, barua hii imtangulie. Juzi Mama alimuuliza lile kovu, akajibu nikiwapo kwamba spana iliteleza. Aliniangalia kidogo, akaendelea kula. Najua na ninyi atawaambia hivyo hivyo, ili nisivunjiwe heshima huko ukweni kwako.

Msimkubalie. Msomee Bwana Mfaume barua hii yote, hata pale ninapochukiza. Akiwa na neno la kuniambia, lolote, nitalipokea. Usiniombee msamaha, dada, hilo ni langu.

Mama anakusalimu sana. Swaumu pia anakusalimu. Hajaniongelesha vizuri tangu siku ile, lakini aliponiona naandika aliniletea taa karibu. Nisalimie Bi Siti mama mkwe wako, na uwabusu watoto.

Mungu awalinde, na amfikishe salama huyo anayekuja. Mpokeeni kwa heshima yake yote.

Mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,
Ramadhan