Kumbikumbi wa Matungu, Kamba wa Jumamosi

Mpendwa dada Zaituni,

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni, pale pale ulipojazia fomu za chuo. Sote tu wazima. Baba anakohoa kidogo, kuku wa mama wameanza kutaga, na mahindi yamefika kiunoni. Nimetanguliza hayo kwa sababu najua ungeruka mistari ukitafuta kama kuna mgonjwa. Hapa hakuna mgonjwa. Ninayemhofia ni wewe.

Tangu uende Malaysia, chakula chako kimekuwa habari ya nyumba nzima. Kila Ijumaa baada ya magharibi mama huweka simu katikati ya meza, nasi hunyamaza kukusikiliza. Wiki ya kwanza ulilia kwa kukosa ugali, na baba akauliza, "Kwani hao watu obusuma hawakulangi?" Alikuwa na huzuni kweli, si mzaha. Halafu ukaanza kugundua mambo. Ukatusimulia wali wa nazi unaofungwa kwa jani la mgomba. Ukatusimulia maharage ya soya yanayogandishwa yakawa meupe na laini, yasiyo na ladha mpaka uyasaidie. Ukatusimulia tunda la miiba linalonuka kama soksi za kaka Idi, lakini ndani ni kama uji wa maziwa. Idi alinuna siku mbili. Mimi niliandika majina yote nyuma ya daftari langu la Jiografia, nikijiambia kwamba siku moja nitayaonja yote.

Kisha ulikuja ule ujumbe wa mwezi uliopita. Ulisema kuna kiungo cheusi wanachotia karibu katika kila mchuzi, kimetengenezwa kwa uduvi waliosagwa na kuachwa wachachuke. Ulisema ni kitamu, ila ukikila midomo inawasha. "Nadhani ni pilipili zao," ulisema. Mama alicheka, akasema Kakamega imekudekeza. Mkono wangu ulikuwa kwenye bakuli la sukuma wiki, ukabaki pale pale.

Najua unakumbuka Matungu. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi minane. Mvua ilikuwa imekatika mchana, na kukhu, nyanya yetu, akatupeleka kwenye kichuguu nyuma ya shamba la miwa. Alikifunika kwa blanketi kuukuu, akaacha tundu dogo na kopo chini yake, akakupa vijiti viwili na kipande cha ubao. Ulipiga taratibu, kama matone ya kwanza juu ya bati, halafu haraka, mpaka kumbikumbi wakadanganyika kwamba mvua imerudi, wakaanza kutoka. Kukhu alicheka hadi akakaa chini. Alisema ana wenzake wengi kijijini wa kuwaonyesha mjukuu wake wa mjini.

Wale wa kwanza aliwakaanga kwa ajili ya mjomba aliyekuwa anakuja na wageni. Alipotoka kutafuta kuni, tuliiba. Wewe ulikula kiganja kizima, kwa sababu nyumbani mama hawapiki na ulikuwa hujawahi kuonja. Midomo yako ilivimba kabla hatujafuta mafuta mikononi. Macho yakawa mistari miwili. Ulijificha nyuma ya jiko, kifua kikipiga mluzi kama birika, na mimi nikikumiminia maji usoni kwa kikombe, maana sikujua la kufanya zaidi. Sijawahi kuogopa hivyo, isipokuwa sasa.

Uvimbe ulipungua jua lilipoinama. Kukhu tulimwambia ni nyuki. Ukanishika bega, ukasema, "Apa hutasema." Nikaapa.

Na nililipwa, dada. Hilo ndilo linaloniumiza. Kila tulipokwenda Matungu na kukhu akagawa kumbikumbi, ulisubiri ageuke ukamimina fungu lako kwenye sahani yangu. Kwa miaka yote hiyo nilikula mara mbili. Nilifurahi hata kuwa na siri na wewe. Halafu siku ile ya fomu ulisoma swali kwa sauti, kama kuna chakula chochote kinachokudhuru. Kalamu yako ilisimama. Ulinitazama mimi, si mama. Nami nikatazama meza. Ukaandika "Hakuna."

Sikuona ubaya, kwa sababu nilidhani Malaysia hawana kumbikumbi. Ndivyo nilivyofikiri mpaka mwalimu wetu wa Biolojia alipochora ubaoni jamii ya wanyama wenye miguu ya vipingili na ganda la nje. Aliandika panzi, nge, kumbikumbi. Chini yao akaandika kaa, uduvi, kamba wa baharini. Niliinua mkono nikauliza kama mtu anayedhuriwa na kumbikumbi anaweza kudhuriwa na kamba. Darasa lilicheka, mmoja akauliza kama nimealikwa hotelini. Mwalimu hakucheka. Alisema si lazima, lakini inawezekana, na kwamba mtu wa namna hiyo asijaribu mwenyewe, amwone daktari kwanza.

Ndiyo maana nilichukua simu ya mama alipokuwa akianika nguo, nikakupigia. Ulicheka. Uliniita daktari wa kidato cha tatu. Ulisema Jumamosi mtakuwa mmemaliza mitihani, na rafiki yako atakupeleka kwao ufuoni ambako mama yake amewaahidi kamba wakubwa kama vidole gumba, na huwezi kumwaibisha mama wa watu kwa kukataa sahani. Kisha ukashusha sauti. "Usimwambie mama. Atanirudisha nyumbani." Mstari ukakatika, au uliukata.

Tangu hapo nikifumba macho nausikia ule mluzi wa kifua chako, na ninakuona kwenye meza ya watu wema wasiojua lolote, wakikuongezea kijiko kingine. Huko hakuna wa kukumiminia maji, na hata mimi sasa najua kwamba maji hayakuwa dawa.

Barua hii nitaipiga picha nikutumie. Simu niliyonayo ni ya mama, nawe unajua maana yake. Nimempa aisome kwanza. Nilivunja kiapo nikiwa nimesimama mlangoni, tayari kukimbia.

Aliisoma mara mbili. Hakuniuliza kwa nini tuliiba wala kwa nini tulidanganya. Aliuliza tu, "Siku hiyo alikuwa anapumuaje?" Nikamwonyesha kwa kifua changu. Alikaa. Amekupigia mara tatu, hujibu, labda uko kwenye mtihani. Sasa tunaogopa wawili, dada, lakini hofu ya wawili inabebeka kidogo. Amesema niongeze maneno haya, nami nayaandika alivyoyasema: "Mwambie hakuna atakayemrudisha nyumbani kwa sababu ya chakula. Asome. Lakini hivyo vidudu vya baharini asiguse."

Kwa hiyo nakuomba kabla ya Jumamosi uende zahanati ya chuo, uwasimulie Matungu yote, bila nyuki, na fomu irekebishwe. Kile kiungo cheusi kiache leo. Mama wa rafiki yako mwambie ukweli. Mtu aliyepika kwa mapenzi atakuelewa, na wali wake utakutosha.

Ukirudi, mvua zikianza, twende kwa kukhu. Ubao upige wewe, hakuna anayeupiga kama wewe. Kuwala kumbikumbi niachie mimi.

Mdogo wako,
aliyekula fungu lako miaka yote